Kadi Zilizovuja: Acha Mchoro, Soma Kona ya Chini Kushoto

Habari zenu wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nilipanga kufungua boksi, lakini tangu juzi mmenijazia ujumbe wenye picha tano za kadi za Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi za kukusanya, zinazodaiwa kuvuja kutoka kwenye seti ijayo, yaani toleo jipya la kadi. Swali lenu ni moja: za kweli, au tunapigwa changa la macho? Nikaingia kwenye chaneli nyingine, sitazitaja, nikakuta picha zilezile zimebandikwa neno "IMETHIBITISHWA" kwa herufi kubwa nyekundu. Imethibitishwa na nani? Hakuna hata mmoja aliyeonyesha kipimo. Jamani, hili linaniudhi kweli, kwa sababu kuna mtu sasa hivi anaagiza kadi mapema kwa bei ya kuruka kwa kuliamini neno hilo.

Kwa hiyo leo tunazichambua hizi picha. Jina la kadi liko wapi, gharama ya mana, ile nishati ya kuichezea kadi, iko wapi, hayo mnayajua, siyarudii. Mimi nawapeleka mahali ambapo watu hawaangalii kabisa.

Picha ya kwanza hiyo kwenye skrini. Kadi nyeupe, mchoro wa kuvutia kwelikweli, shujaa mwenye mabawa, mwanga unatoka nyuma yake. Komenti zote zinajadili mchoro. "Mchoro huu ni wa kitaalamu, haiwezi kuwa feki." Ndugu yangu, mchoro ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukipata. Mtu anaweza kuuchukua kwenye ukurasa wa mchoraji yeyote, anaweza kuitengenezea akili mnemba maelekezo mawili matatu, na fremu za kadi ziko za bure mtandaoni. Fonti ya majina, Beleren, iliyoanza kutumika kwenye fremu mpya ya 2014, nayo haimshindi mtu kuipata. Ukitumia mchoro na fonti kuwa ushahidi, mghushi ameshakushinda kabla hujaanza.

Sasa shukeni na mimi chini kushoto. Navuta karibu... karibu zaidi... hapo. Mnaona mistari miwili midogo? Mstari wa juu una namba ya kadi na herufi ya uadimu: C ya kawaida, U isiyo ya kawaida sana, R adimu, au M adimu kupita zote. Mstari wa pili una kifupi cha seti, kisha alama, kisha EN kwa kadi ya Kiingereza, kisha kichoro cha brashi na jina la mchoraji. Hapa ndipo waghushi wanapokufa. Ile namba haiwekwi kwa kubahatisha. Kwenye sehemu kuu ya seti, kadi zinafuatana kwa rangi: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu, kijani, halafu za rangi mchanganyiko, artifakti, yaani kadi za vifaa, na mwisho ardhi. Ndani ya kila rangi zinafuata alfabeti ya majina ya Kiingereza.

Ngoja niwaonyeshe kwa kadi za kweli ndipo mtanielewa. Hii hapa ni Dominaria, seti ya Aprili 2018. Namba 1 ni Karn, Scion of Urza, kwa sababu hana rangi na si artifakti, anatangulia wote. Njooni kwenye nyeupe. Namba 21, History of Benalia. Namba 26, Lyra Dawnbringer. Kati yao kuna nafasi nne, 22 mpaka 25. Sasa niambie, kadi zinazokaa hapo katikati majina yake yaanze na herufi gani? Lazima yatoke baada ya "History" na kabla ya "Lyra". Tuangalie: 22 Invoke the Divine, 23 Knight of Grace, 24 Knight of New Benalia, 25 Kwende, Pride of Femeref. I, K, K, K. Hakuna inayotoka nje ya mstari. Ukiletewa kadi nyeupe ya Dominaria yenye namba 23 na jina linaloanza na S, huhitaji kuuliza mtu, itupe.

Nazipenda sana hizi namba, niseme ukweli. Watu wananiuliza kuhusu lenzi, kuhusu programu za kupima pikseli, mimi nawaambia hesabu hii haihitaji kifaa chochote. Inahitaji kadi mbili ambazo kampuni yenyewe imeshazitangaza.

Na tunazo. Kwenye seti hii ijayo Wizards of the Coast, kampuni inayotengeneza Magic, wameshaonyesha kadi nyeupe mbili: namba 12, jina linaanza na C, na namba 31, linaanza na S. Turudi kwa shujaa wetu mwenye mabawa. Jina lake linaanza na R. Namba? Kumi na nne. Yaani kutoka C ya 12 mpaka R ya 14 katikati kuna nafasi moja tu, na nafasi hiyo moja ibebe kila jina la D, E, F, G mpaka Q! Halafu kutoka 15 hadi 30, kadi kumi na sita zote zibanane kati ya R na S. Haiwezekani. Aliyeitengeneza ameandika namba iliyomjia kichwani. Picha ya kwanza ni feki, tumemaliza.

Tahadhari moja kabla sijaendelea, maana najua wabishi mpo. Matoleo maalumu, yale ya mchoro uliojaa kadi nzima na fremu za pekee, hupewa namba zinazokuja baada ya sehemu kuu ya seti, kwa hiyo usikute namba kubwa ukakurupuka. Na kadi za miaka ya karibuni zimeacha kuandika jumla ya seti baada ya mkwaju, ile 021/269 mnayoiona kwenye Dominaria. Mkikuta kadi mpya haina jumla, msishtuke. Ikiwa nayo ndipo mshtuke.

Wale wa Pokémon mnaotutazama, kipimo hiki kwenu hakiendi hivi. Kwenu mpangilio unaanza na aina ya nishati. Kisha seti za Kijapani hutangulia kutoka, na mengi yanayoitwa "kuvuja" ni kadi za Kijapani zilizokwisha kutoka, mtu amezitafsiri tu na kuzibandikia fremu ya Kiingereza. Nitawafanyia video yenu, nimeshaahidi.

Picha ya pili, kadi ya buluu. Namba inakaa sawa, kwa hiyo huyu ana akili kidogo. Lakini someni maandishi. "When this creature enters the battlefield". Hapana! Tangu seti ya Bloomburrow, Agosti 2024, kadi zinaandika "enters" peke yake, "the battlefield" imeondoka. Chini kidogo anasema "converted mana cost". Hiyo ilibadilishwa kuwa "mana value" tangu seti ya Strixhaven, Aprili 2021. Huyu amenakili sentensi kutoka kadi ya zamani. Kadi moja ina makosa ya vipindi viwili tofauti. Feki.

Picha ya tatu sitaki kuwapotezea muda. Nimeutafuta mchoro kwa picha, umetokea kwenye mkusanyiko wa kazi za mchoraji ambaye hata jina lake silo lililoandikwa kwenye kadi. Feki, tena ya wizi, na hilo ni baya kuliko ughushi wenyewe.

Nataka niseme kitu hapa kuhusu watu wanaoandika kwenye komenti "kadi hii ina nguvu mno, haiwezi kuwa ya kweli". Hiyo hoja iacheni. Kadi ya Oko, Thief of Crowns ilitoka Oktoba 2019, na Novemba ya mwaka huohuo akapigwa marufuku kwenye Standard, mashindano ya kadi za seti za karibuni, kwa sababu alikuwa anageuza kila kitu kuwa kulungu wa 3/3, yaani nguvu tatu na uhimilivu tatu, na hakuna aliyeweza kumzuia. Angevuja kabla, wote tungesema ni ndoto ya mtoto wa shule. Kampuni hutoa kadi zilizozidi nguvu, hata bila kukusudia. Nguvu ya kadi haithibitishi chochote.

Haya, picha ya nne. Hapa ndipo ugomvi ulipo. Kadi ya artifakti yenye alama ya mana ambayo hatujawahi kuiona. Wengi mmesema, "alama haipo kwenye mchezo, feki, funga mjadala." Mimi mwenyewe picha hizi zilipofika niliziweka zote tano kwenye fungu moja la takataka. Lakini kadiri ninavyoiangalia hii, ndivyo ninavyosita.

Wakongwe mnakumbuka mwishoni mwa 2015? Ilivuja picha ya kadi ya Kozilek, the Great Distortion, na kwenye gharama yake kulikuwa na alama mbili za almasi. Watu wakacheka. Wengine wakasema ni rangi ya sita. Wengine wakasema mghushi gani huyu hajui hata alama za mana. Januari 2016 ikatoka seti ya Oath of the Gatewatch, na Kozilek yumo, almasi zake zimo, na ile almasi ikawa alama rasmi ya mana isiyo na rangi mpaka leo. Upya wa kitu haukuwa dalili ya ughushi. Mghushi wa kawaida anataka uamini, kwa hiyo anatumia vitu unavyovijua.

Basi tuipime ya nne kwa vipimo vilevile. Namba: artifakti, imekaa baada ya rangi mchanganyiko, inaangukia panapofaa. Maandishi: "enters", sawasawa. Na sasa angalieni hiki, navuta tena chini kushoto. Kati ya kifupi cha seti na EN kuna nini? Nyota. Kadi ya kawaida inakuwa na nukta, kadi ya foili, yaani ile ya kung'aa, inakuwa na nyota. Rudini juu muone mng'ao: upinde wa mvua unapita kwenye mchoro na kwenye fremu, na umepinda pale kadi ilipopinda kidogo. Ni foili, na kona inasema foili. Waghushi wengi hawajui hata kama hiyo nyota ipo. Muhuri wa mng'ao wa duara dufu uko chini katikati, na herufi ni R, na muhuri ule ni wa kadi za R na M, C na U hazina. Kila kitu kinakubaliana na mwenzake.

Kitu kingine, picha yenyewe imepigwa kwa simu, juu ya meza, na vidole vinaonekana. Hiyo inalingana na pakiti iliyofunguliwa kabla ya siku yake. Uvujaji wa kweli una chanzo, na chanzo kinaacha alama. Ukitoka kiwandani, mara nyingi unaona kadi ambazo hazijakatwa. Ukitoka kwenye nyaraka unapata maneno matupu bila picha, kama Dominaria hiyohiyo niliyowaonyesha: Machi 2018 maelezo ya kanuni zake yalitokea kabla ya wakati kwenye tovuti ya Kichina ya Wizards wenyewe, na yalikuwa ya kweli yote. 

Na kwa wanaoniuliza kwa nini sisemi picha hii nimeipata kwa nani: Aprili 2023 mtengeneza video mmoja Marekani alifungua pakiti za seti ya March of the Machine: The Aftermath kabla ya kutoka, na kampuni ikawatuma Pinkerton mpaka nyumbani kwake kuzichukua. Wapelelezi binafsi, mlangoni kwa mtu, kwa ajili ya kadi. Nadhani kampuni ilivuka mpaka pale, na nitaendelea kusema hivyo. Anayenitumia picha jina lake linabaki kwangu.

Ya tano, ya kijani, namba 182, inaanza na H. Kwenye kijani kampuni imeonyesha moja tu mpaka sasa, namba 178, F. Kutoka F ya 178 mpaka H ya 182, inaingia bila shida, lakini kadi moja haitoshi kumbana mtu. Maandishi safi. Tatizo ni kwamba nimeletewa picha ya skrini ya picha ya skrini, kona imekuwa ukungu, siwezi kuona kama ni nukta au nyota. Wanaosema feki hawana ushahidi, na wanaosema halisi hawana pia.

Kwa hiyo tatu za kwanza msizisambaze. Ya nne mimi naiamini, na kama unataka kujenga deki, fungu lako la kadi za kuchezea, kichwani anza nayo, ila pesa yako usiitoe mpaka kampuni itangaze, kwa sababu hata kadi ya kweli bei yake ya kuagiza mapema huwa imepanda kwa kelele tu. Bei ikitulia baada ya kutoka utainunua kwa utulivu.

Ya tano naihitaji faili lake la asili. Aliye nalo anitumie, lisiwe limepitia kwenye makundi ya ujumbe, maana huko picha zinabanwa na kona ndiyo inayokufa kwanza. Na vionjo rasmi vikiendelea, mkiona kadi ya kijani yoyote ya seti hii yenye namba kubwa kuliko 182, niandikieni kwenye komenti namba na herufi ya kwanza ya jina. Ikianza na G au herufi yoyote iliyo kabla ya G, hii ya tano nayo itakuwa imekwisha.