Gauni la rangi ya siagi: nilichoagiza na kilichofika

Nilikuwa natafuta nguo ya sendofu ya binti wa shangazi. Kwa mara ya kwanza kamati haikupanga sare, kila mtu aje na anachotaka, nikasema basi na mimi nivae rangi ya msimu. Ilikuwa Juni 2025, na kama ulishika simu kipindi kile unakumbuka: kila ukurasa wa mitindo ni siagi, njano ile iliyopauka inayokaribia maziwa. Rangi nyingine iliyotamba ni Mocha Mousse, ambayo Pantone, kampuni ya rangi ya Marekani, waliitangaza kuwa rangi ya mwaka 2025. Huku kwetu hiyo ni ugoro tu, na mama anayo sketi ya ugoro tangu niko shule ya msingi, kwa hiyo haikunibabaisha.

Duka nililoagizia liko Kariakoo ila linauza zaidi mtandaoni, jina naliacha. Gauni refu la satini, zipu mgongoni, Sh 85,000, na Sh 5,000 za bodaboda mpaka Mbagala. Nililipa kwa simu saa nne asubuhi, saa nane mchana mzigo uko mlangoni. Hapo sina neno.

Nikafungua mfuko. Siagi? Ile ilikuwa njano ya jezi. Mume wangu, Simba damudamu, alilitazama akaniuliza Yanga wanacheza na nani. Nikalitoa uani nikidhani ni taa ya chumbani. Juani ndiyo likazidi kuwaka. Nikamtumia dada wa duka picha, akajibu, "Kipenzi, hiyo ni kamera ya simu yako tu." Nikarudi kwenye video yake nikaitazama vizuri. Kumbe kalirekodi mbele ya taa ile ya duara, mwanga mweupe mkali ambao unapausha kila kitu. Njano iliyokolea ukiipiga mwanga wa namna ile nayo inaonekana siagi.

Alikubali kubadilisha, lakini bodaboda ya kurudisha iwe juu yangu. Nikaona bora niende mwenyewe. Dukani yalitundikwa magauni matano, yote yanaitwa siagi, na hakuna mawili yaliyofanana. Fundi wa jirani akanieleza kwamba vitambaa hutiwa rangi kwa mafungu, hivyo jora la mzigo huu na la mzigo ujao yanaweza kupishana hata kama yametoka kiwanda kimoja. Nikaelewa kwa nini wale mama wa kamati hung'ang'ania sare ikatwe siku moja, jora moja.

Siagi ya kweli nikaipata, la nne kutoka mlangoni. Tatizo halikuishia hapo: satini iliyopauka isiyo na bitana ni kama chandarua. Nilisimama kwenye mwanga, mapaja yote nje. Fundi yuleyule akanitilia bitana kwa Sh 15,000, na kwa bei niliyolipa nadhani lilipaswa kuja nayo. Jasho nalo halifichiki, tone moja kwapani linaandika ramani. Bahati yangu sendofu ilikuwa Julai, kipupwe. Rangi hizi zinapangwa kwa majira ya Ulaya, sisi hatumo. Damu ya mzee ilivuma mwishoni mwa 2024 huko wakiingia kwenye baridi, huku Desemba Dar inachemka na watu wamejifunga velveti ya damu ya mzee ukumbini.

Siku yenyewe nilipendeza, niseme ukweli. Mimi ni mweusi wa kukolea na ile siagi ilikaa kwenye ngozi vizuri kuliko pichi niliyovaa mwaka uliotangulia.

Ushonaji nawapa 4 kati ya 5, usafirishaji 5, picha zao 1. Nitanunua tena, ila nitakwenda mchana na nguo nitaitoa nje ya duka kwanza.

Lile la njano walilitundika tena mbele yangu. Kesho yake nikaliona mtandaoni, taa ileile ya duara, limeandikwa siagi.