Mafuta ya jua yaliyoniunguza kabla ya muda wake kuisha

Nina ualbino, na mafuta ya jua nimeanza kuyapaka nikiwa darasa la tano. Kwangu hayana tofauti na viatu: sitoki nyumbani bila hayo. Leo nataka kueleza yaliyonipata na tyubu moja ya SPF 50 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua) niliyoinunua Agosti mwaka jana kwenye duka la dawa hapa Dodoma.

Bei yake ya kawaida ni shilingi 32,000. Mimi niliuziwa 18,000. Ilikuwa kwenye kabati la kioo mlangoni, pale jua la alasiri linapopiga moja kwa moja. Nikamuuliza dada muuzaji kwa nini imeshuka bei. “Mwalimu, muda wake bado. Ona, mpaka Desemba.” Nikaisoma tarehe kwa macho yangu, nikalipa.

Oktoba tukawa na michezo ya shule. Asubuhi nilipoikamua, yalitangulia maji ya njano, matone kama matatu, ndipo losheni ikafuata, ina chengachenga kama maziwa yaliyokatika. Nikaitikisa, nikapaka hivyo hivyo. Ilikataa kuenea. Ilijiviringisha vidoleni kama taka za kifutio, na harufu yake ilikuwa ya mafuta yaliyochacha. Ilikuwa saa moja na watoto walikuwa wananisubiri, nikaondoka. Nilikuwa na kofia pana na shati la mikono mirefu, na saa nne nikapaka tena.

Jioni mikono ikaanza kuwaka moto. Kulipokucha, kwenye migongo ya viganja vyote viwili kulikuwa na michirizi, mstari mwekundu, mstari mweupe, mstari mwekundu, ikifuata vidole vyangu vilivyopita wakati wa kupaka. Nyuma ya masikio ngozi ikatoka malengelenge. Kwa mtu asiye na melanini ya kutosha, yaani rangi ya asili inayoikinga ngozi, hilo si jambo la kusubiri lipite lenyewe, kwani kila kuungua kunaisogeza saratani ya ngozi karibu.

Mfamasia wa kliniki ya ngozi aliitazama ile tyubu, akanieleza. Kinga iliyomo ni ya aina mbili. Kuna madini, yaani zinki oksaidi na titani dioksaidi, ambayo yenyewe hayachakai kwa urahisi, lakini yanaelea ndani ya krimu. Joto likiikata krimu, chembe zinajikusanya mahali pamoja na kupaacha pengine patupu. Ndiyo michirizi yangu. Aina ya pili ni kemikali kama avobenzoni, ambayo mwanga huivunja upesi isipochanganywa na kitu cha kuishikilia. Na ile namba ya SPF hupimwa maabara kwa tabaka lililosambaa sawasawa, miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba. SPF 50 inazuia takriban asilimia 98 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, ikiwa losheni ni nzima na umeipaka kwa kiasi hicho. Ya kwangu ilikuwa imebaki namba kwenye tyubu.

Kumbe tarehe ile ina masharti. Marekani, kwa mfano, mtengenezaji anatakiwa mafuta yake yashike nguvu angalau miaka 3, na bidhaa nyingi za Ulaya zina kichoro cha kopo lililo wazi kimeandikwa 12M, maana yake miezi 12 tangu ufungue. Hesabu zote hizo ni za mafuta yaliyotunzwa vizuri. Kioo kinachochomwa na jua la Dodoma kila alasiri hakikuwamo kwenye hesabu.

Hapa niseme na jambo linaloniuma. Sisi wenye ualbino tumewahi kugawiwa maboksi ya losheni za msaada zilizobakiza wiki chache, nyingine hata wiki hazikubaki. Tukashukuru, tukapaka. Mtu mwenye nia njema atume chache ambazo muda wake bado mrefu, kuliko maboksi kumi ya kutupa. Ndiyo maana naipenda Kilisun, losheni ya jua inayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC na ambayo wengi wetu tunaipata bure kliniki. Haisafiri baharini kunifikia, na ninayopewa ni laini, inaenea kwa mkupuo mmoja. Nikiishiwa kabla ya kliniki, ndipo nanunua.

Sasa nikinunua naomba iliyo stoo, ndani ya boksi lake, na naifungua palepale kaunta nione kama imejitenga. Nyumbani naandika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito, kisha naiweka kwenye chungu kikavu chini ya kitanda, sehemu yenye ubaridi kuliko zote ndani. Shuleni inakaa kwenye mkoba, ndani ya khanga iliyokunjwa, wala siiachi kwenye dashibodi ya gari la mtu. Nimeacha pia kubania. Mwanzoni kopo la mililita 100 nilikuwa nalifikisha hata miezi minane, nikajisifu kwa kubana matumizi, kumbe ngozi ilikuwa inapata robo ya inachohitaji. Ukipaka inavyotakiwa na kurudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, hutafika na kopo kwenye tarehe yake.

Ile tyubu niliirudisha dukani. Fedha sikurudishiwa, ila dada alinipa pole ya dhati, akaikamua kwenye karatasi akaona mwenyewe. Nikamuuliza zile nyingine tatu zilizokuwa nayo kabatini ziko wapi.

“Zilinunuliwa, mwalimu. Alikuja mama mmoja kutoka kijijini, ana watoto wawili wenye ualbino. Alizichukua zote.”

Nimemwachia namba yangu ya simu ampe yule mama akirudi, na kopo moja la Kilisun nililokuwa sijalifungua.