Njia nne za kupokea malipo kwenye duka langu la mtandaoni, na tatu nilizobaki nazo

Nauza madaftari ya kushonwa kwa mkono na majalada yake ya ngozi. Duka lipo mtandaoni peke yake, limejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na WooCommerce inayoigeuza tovuti kuwa duka, na kila kitu nafanya mwenyewe, kuanzia sindano mpaka kufunga vifurushi. Nimepokea pesa kwa uhamisho wa benki, kwa lipa ukipokea, kwa PayPal, ile pochi ya mtandaoni, na kwa lango la malipo ya kadi, yaani huduma inayopokea kadi ya mteja na kukutumia pesa.

Uhamisho wa benki ndio wa kwanza kwa wengi wetu kwa sababu hauhitaji kuunganisha chochote. Mteja anaweka oda, unampa namba ya akaunti, anatuma pesa, kisha anakutumia picha ya skrini kuthibitisha. Sasa, picha ya skrini mtu anaihariri akiwa amekaa kitandani. Tangu mwanzo sifungi mzigo mpaka nione pesa kwenye salio langu, na sijawahi kuibiwa kwa njia hiyo. Kilichonichosha ni karani niliyegeuka kuwa. Huyu kalipa kwa akaunti ya mumewe, jina haliendani na oda. Yule kiasi chake kimefika pungufu, benki imekata chake njiani. Mwingine kaweka oda usiku wa manane, na ninapomjibu asubuhi hamu imeshamtoka.

Lipa ukipokea sina mengi ya kuisemea. Mteja akikataa mzigo mlangoni, gharama ya kwenda na kurudi ni yako, na daftari lenye jina lake limeshachapwa. Niliifunga.

Kabla hujalinganisha ada za kampuni yoyote, angalia kwanza kama inawapokea wafanyabiashara waliosajiliwa nchini kwako na kama inaweza kutuma pesa kwenye benki yako. Stripe, moja ya kampuni za malipo ya kadi, haifungui akaunti kwa kila nchi. PayPal nayo, zipo nchi ambazo mtu anaruhusiwa kulipa kwayo lakini hawezi kupokea. Swali hili dogo litakufutia nusu ya orodha.

Tuje kwenye kadi. Kulikuwa na njia mbili: fomu ya kadi inayoendeshwa na seva yangu, yaani kompyuta inayobeba duka, au mteja kupelekwa kwenye ukurasa wa mtoa huduma alipe kisha arudi dukani. Fundi aliyenisaidia alipenda ya kwanza kwa sababu ya muonekano. Mimi nilichagua ya pili, na sababu ni PCI DSS, zile kanuni za usalama wa data za kadi zilizotoka mwaka 2004. Zinamhusu kila anayepokea kadi, hata duka la mtu mmoja. Namba za kadi zisipogusa seva yako kabisa, dodoso la kujitathmini unalojaza kila mwaka linakuwa fupi. Zikipita kwako, unajibu maswali ya mitambo na kuta za ulinzi ambayo hata fundi wangu angeyakimbia. Halafu zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuzihifadhi baada ya muamala kuidhinishwa. Ukiona plagini, kile kiprogramu cha nyongeza kwenye duka, inakupa nafasi ya kuziweka, ifute.

Kuhusu ada, wengi tunatazama asilimia tu. Bei ya kawaida ya Stripe kwa kadi za Marekani, kwa mfano, ni asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala. Kwenye mauzo ya dola 100 unakatwa dola 3.20, inavumilika. Kwenye mauzo ya dola 5 unakatwa karibu senti 45, yaani kama asilimia 9. Kile kiasi kisichobadilika ndicho kinachowaumiza wauza vitu vidogo. Nilichofanya ni kuacha kuuza daftari dogo moja moja; sasa yanaenda kwa seti ya matatu. Mteja akirudisha bidhaa, Stripe na PayPal wote hawarudishi ada ya muamala wa kwanza, na wamelieleza hilo kwenye masharti yao. Liweke kwenye hesabu ya bei zako mapema.

Kuna jambo sikulisikia kwa yeyote kabla ya kulikuta: jina linalotokea kwenye taarifa ya benki ya mteja. Mtoa huduma wangu wa kwanza alikuwa anaonyesha jina la usajili wa biashara, ambalo halifanani hata herufi moja na jina la duka. Mteja anapitia matumizi yake ya mwezi, anaona kampuni asiyoijua, anapiga simu benki kulalamika kwamba kaibiwa. Benki inavuta pesa kutoka kwangu papo hapo, naongezewa na ada ya shauri, kisha ndipo naambiwa nijitetee. Kwa kadi za Visa na Mastercard, mteja huwa na muda wa hadi siku 120 kwa sababu nyingi za malalamiko. Kwa PayPal ni siku 180. Kwa hiyo pesa uliyoila zamani inaweza kudaiwa leo. Nilibadilisha jina lile kwenye mipangilio, nikaandika jina la duka, na malalamiko ya aina hiyo yakakauka. Kwa yaliyobaki, ushahidi ulionisaidia ni namba ya ufuatiliaji wa kifurushi na sahihi ya aliyepokea. Barua pepe ndefu za kujieleza hazikunisaidia chochote.

Mtoa huduma huyo huyo wa kwanza alishikilia salio langu mauzo yalipopanda ghafla msimu wa zawadi. Mkataba ulimruhusu, sawa, lakini huduma kwa wateja ilikuwa roboti inayojibu kwa heshima bila kusema kitu. Ndiyo maana nilihama. Niliyenaye sasa nilimpima kwa swali moja kabla ya kusaini: mauzo yangu yakiongezeka mara tatu kwa wiki moja, mtafanya nini? Walinijibu kwa maandishi, na aliyejibu alikuwa binadamu.

Uthibitisho wa ziada wa benki, ule wa 3-D Secure unaomtaka mteja aweke msimbo au aidhinishe kwenye simu, nimeuwasha. Wapo wauzaji wanaouzima wakidai unawafukuza wateja. Ni kweli wachache huishia hapo. Lakini muamala ukishathibitishwa hivyo, hasara ya kadi iliyoibiwa kwa kawaida inabebwa na benki iliyoitoa, mimi napumua.

Wakati wa kujaribu mfumo wa malipo, usiishie kwenye kadi ya majaribio, kama ile ya Stripe ya 4242 4242 4242 4242, kukubaliwa. Lipa, kisha funga dirisha kabla ya kurudishwa dukani, uone oda inabaki "inasubiri malipo" au inageuka. Wateja wa simu hufanya hivyo kila siku. Kama seva ya mtoa huduma haitumi taarifa moja kwa moja kwa seva yako, utakuwa na watu waliolipa na duka lisilojua.

PayPal nimeibakiza kando ya kadi, hasa kwa wateja wa mbali wasiotaka kuandika namba ya kadi kwenye duka wasilolijua. Kiwango chake cha kubadilisha fedha kina nyongeza yake, kwa hiyo huwa nasubiri salio liwe kubwa kidogo kabla ya kulihamisha. Uhamisho wa benki sasa ni wa oda za jumla tu, ambako asilimia tatu ingekula faida yote. Ankara inatoka na namba ya oda, mnunuzi anaiandika kwenye sehemu ya maelezo, na mzigo unaondoka pesa ikishaonekana kwenye salio.