Kuingia melini na chupa yako: tumeziweka kampuni za meli za kitalii kwenye mizani

Tuanze na lisilo na mjadala. Kwenye karibu meli zote kubwa za kitalii zinazotoka Miami, Port Canaveral, Galveston au Barcelona, pombe kali ya abiria haiingii. Konyagi, wiski, vodka, ramu, Amarula, vyote vinaishia mlangoni hata kama chupa haijafunguliwa na risiti ya duka unayo. Bia nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa kwa kampuni moja tutakayoifikia. Kinachobaki ni mvinyo, shampeni, soda, juisi na maji, na hapo ndipo kampuni zinapopishana kiasi cha kumgharimu asiyejua.

Carnival ndiyo inayobeba abiria wengi wa bajeti ya kawaida, na sheria yake inaeleweka. Kila mtu aliyefikisha miaka 21 anaruhusiwa chupa moja ya mvinyo au shampeni, ujazo wa ml 750, haijafunguliwa, siku ya kwanza tu na kwenye begi la mkononi tu. Ukiinywa chumbani hulipi kitu. Ukiipeleka mezani kwenye ukumbi wa chakula au baa, unalipa dola 15 kwa chupa. Kwa vinywaji visivyo na kilevi, kila mtu anaingia na makopo au pakiti 12, kila moja isizidi aunsi 12, yaani ml 355. Chupa za plastiki na za kioo haziruhusiwi kwa soda wala maji. Katazo hilo lipo tangu 2015. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama: kopo la ml 500 ni karibu aunsi 17, kwa hiyo Carnival inalikataa hata kama umebeba moja tu. Nunua makopo ya ml 330 au 355. Unaweza kuyaweka kwenye kisanduku cha kupoozea, mradi kisizidi inchi 12 kila upande, kama sentimita 30.

Royal Caribbean nayo inatoa chupa moja ya mvinyo ya ml 750 kwa kila mtu mzima siku ya kupanda. Umri ni miaka 21 kwa safari zinazoanzia Marekani, na 18 kwa zinazoanzia Ulaya. Ilipo tofauti ni kwenye vinywaji laini: Royal inakubali makopo, pakiti na chupa hadi aunsi 17. Lile kopo la ml 500 lililokataliwa Carnival hapa linapita, na maji ya chupa ya nusu lita pia. Kwa familia yenye watoto wanaopenda kinywaji cha aina moja tu, hili peke yake linatosha kuipa Royal alama moja zaidi.

Norwegian, inayojulikana kwa kifupi kama NCL, inasifiwa sana kwa sababu haina ukomo wa chupa za mvinyo. Sifa hiyo inahitaji kupigiwa hesabu. Kila chupa ya ml 750 inalipiwa dola 15 pale pale bandarini, na ya lita moja na nusu dola 30, hata kama utainywa chumbani ukiwa umejifungia. Mvinyo wa boksi haukubaliwi. Soda, juisi na maji ya chupa vilipigwa marufuku tangu 2017, isipokuwa maji ya kuchanganyia maziwa ya mtoto mchanga na maji yaliyotoneshwa (distilled) kwa ajili ya mashine za kupumulia usingizini. Kwa hiyo asiyekunywa pombe hana analopata NCL, na mnywaji anapata haki ya kulipa. Kuna hali moja tu inayoifanya ifae: mvinyo unaoupenda ni wa bei ya juu kuliko wa kawaida. Chupa ya dola 30 dukani inakuwa dola 45, wakati melini bei ya chupa ya kiwango hicho hupanda zaidi ya hapo, na bakshishi inaongezwa. Ukibeba mvinyo wa dola 8, umelipa ada karibu mara mbili ya bei ya chupa yenyewe. Ukitaka kubeba mvinyo wa bei rahisi, usiupeleke NCL.

Princess na Holland America zimekaa katikati, na kwa maoni yangu zimekaa vizuri. Kila mtu mzima anaingia na chupa moja bure ya kunywea chumbani, na akitaka kuongeza analipia zile za ziada dola 20 kila moja. Mtu anajua mapema analipa nini, na hakuna anayemkatalia chupa ya pili ya sherehe.

Kati ya meli kubwa, Disney ndiyo karimu kuliko wote, jambo ambalo watu hawalitarajii kwa meli ya watoto. Kila mwenye miaka 21 anaingia na chupa mbili za mvinyo au shampeni za ml 750, au bia sita zisizozidi ml 355 kila moja. Na si siku ya kwanza tu: kila bandari meli inapotia nanga unaweza kurudi na kiasi hicho hicho. Angalizo ni moja. Mvinyo usiwe ule ulioongezewa pombe kali, kama vile port na sherry. Hiyo itahesabiwa pamoja na pombe kali na kuwekwa stoo hadi mwisho wa safari. Anayebeba mvinyo mtamu wa Dodoma asome lebo kabla ya kufunga begi.

MSC inashika mkia. Hairuhusu abiria kuingia na kinywaji chochote, na wahudumu wake wa usalama hawalegezi kamba. Wasomaji wa Afrika Mashariki walijue hili kuliko wengine, kwa sababu MSC ndiyo ambayo imekuwa ikipatikana karibu nasi, ikitoka Durban na, msimu wa baridi wa Ulaya, Dubai. Ukikata tiketi kwao, weka fungu la vinywaji kwenye bajeti mapema au nunua kifurushi pamoja na tiketi. Viking iko upande wa pili kabisa: abiria analeta mvinyo au pombe kali aipendayo na hatozwi ada ya kufungua chupa. Lakini tiketi yake ni ya bei ya juu, haichukui watoto, na mvinyo na bia vya wakati wa chakula vimo ndani ya nauli, kwa hiyo ukarimu huo si sababu ya kuichagua.

Sasa tuje kwenye kubeba kwenyewe, maana chupa nyingi hupotea bila mwenyewe kuvunja sheria ya idadi. Ukifika gatini, hamali wanakupokea mabegi makubwa nje kabisa, kabla hujaona kaunta. Mabegi hayo yanapita kwenye eksirei bila wewe kuwepo, na yanafika mlangoni pa chumba chako jioni. Chupa ikionekana mle ndani, begi linazuiwa. Hupigiwi simu. Unakaa unangoja hadi saa mbili usiku, nguo za chakula cha jioni zikiwa humo, kisha unaambiwa ushuke kwenye chumba cha usalama sitaha za chini, upange foleni, na begi lifunguliwe mbele yako. Ndiyo maana kampuni nyingi zinasisitiza begi la mkononi: pale wanaona chupa, wanaona sura yako, na wanahesabu kwa mtu mmoja mmoja.

Wanaofika kwa ndege wana mtego wao. Kwa kawaida ndege haikubali kimiminika cha zaidi ya ml 100 kwenye begi la mkononi, kwa hiyo mvinyo ulisafiri ndani ya begi kubwa. Watu wanatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi bandarini, wanamkabidhi hamali begi lile lile, na chupa imo. Kabla hujashuka kwenye teksi, fungua begi kubwa, toa chupa, ihamishie kwenye begi la mkononi. Ni kazi ya dakika mbili. Ifunge kwa nguo mbili nzito shingoni na kitakoni, kwa sababu chupa huvunjikia huko, na ivalishe mfuko wa plastiki mgumu ili ikipasuka isichafue kila kitu.

Kizibuo ni kitu kingine cha kufikiria. Kile cha kawaida cha mkunjo, chenye kisu kidogo cha kukatia karatasi ya shingoni, mara nyingi hupita, ila mlinzi mmoja akikitilia shaka kinabaki kwake. Rahisi ni kununua mvinyo wenye kifuniko cha kuzungusha, au kumwomba mhudumu wa chumba afungue. Omba na glasi. Baa yoyote itakupa.

Kupoza shampeni kunaharibiwa na wengi. Kile kijokofu cha chumbani, kwenye meli nyingi, ni cha kupunguza joto tu. Ukikiwekea chupa ya shampeni saa nne asubuhi, saa moja usiku bado ni vuguvugu, na kizibo kinaruka kikimwaga theluthi nzima zuliani. Mwombe mhudumu ndoo ya barafu. Usiweke barafu peke yake. Jaza barafu nusu, ongeza maji baridi hadi shingo ya chupa ifunikwe, tupia kiganja cha chumvi kutoka kwenye mkahawa, kisha zungusha chupa kila baada ya dakika tano. Maji yanagusa kioo pande zote, barafu haiwezi. Baada ya dakika 20 hadi 25 inafunguka taratibu bila kulipuka.

Kwa upande wa hesabu: chupa ya ml 750 inatoa glasi tano za ml 150. Wawili wenye chupa mbili wana glasi kumi, yaani wiki nzima haifiki glasi moja kwa mtu kwa siku. Kwa anayekunywa glasi moja jioni, hiyo inakaribia kutosha na kifurushi cha vinywaji kitakuwa hasara. Kwa anayetaka bia tano mchana, chupa mbili hazisaidii chochote. Kifurushi cha Carnival kinaishia vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24, na mtu mzima mmoja wa chumba akikinunua, watu wazima wote wa chumba hicho lazima wakinunue. Mke asiyekunywa anaishia kulipia pombe ya mume. Kwa wanandoa wa namna hiyo, chupa mbili za kubeba na kulipia glasi moja moja ndiyo njia ya busara.

Asiyekunywa kilevi asidhani haya hayamhusu. Maji ya kawaida, chai, kahawa na barafu ni bure kwenye kumbi za chakula za karibu meli zote, kwa hiyo usijitese na katoni za maji. Beba chupa tupu ya kujazia. Majani ya chai na tangawizi ya unga ndani ya pakiti za dukani havina tatizo. Birika la umeme ndilo lisiloingia, kwa sababu ya hatari ya moto, na litachukuliwa hata kama ni jipya. Omba chupa ya chai yenye maji ya moto. Na anayetaka safari ambayo pombe haipo kabisa, AROYA ya Saudi Arabia imeanza kutoka Jeddah tangu Desemba 2024, na meli nzima haina kilevi.

Kuhusu mbinu za kuficha: chupa za dawa ya kusukutua, mirija ya mafuta ya jua, mifuko laini ya plastiki. Walinzi wanazijua zote, wanafungua na kunusa. Kinachokamatwa kwa njia hiyo hakirudishwi, na mkataba wa tiketi unaipa kampuni haki ya kukushusha bandari inayofuata kwa gharama yako. Haistahili.

Ramu unayoinunua Nassau, Bahamas, au tekila ya Cozumel, Mexico, ni halali, ila unaikabidhi mlangoni unaporudi, unapewa risiti, nayo inarudishwa usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka. Tatizo ni kwamba mabegi makubwa huwekwa nje ya chumba usiku huo huo, na chupa ikija baadaye inabaki mkononi mwako, ambako ndege haiitaki. Chagua kushuka na mabegi yako mwenyewe, au acha nafasi kwenye begi kubwa na uhamishie chupa ukifika nje ya bandari. Pombe ya asilimia 24 hadi 70 haizidi lita tano kwa mtu kwenye begi la kusajiliwa, ikiwa imefungwa kama ilivyotoka dukani; zaidi ya asilimia 70 hairuki kabisa. Unaporudi Kenya, Tanzania au Uganda, forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasamehe lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo kwa aliyefikisha miaka 18. Inayozidi itangaze mwenyewe kaunta, uwe na risiti ya duka.