Kozi za bure za Kihispania mtandaoni: ipi inakufungua mdomo

Kozi ya bure ya Kihispania ipimwe kwa swali moja: baada ya nusu saa, umetunga sentensi ngapi mwenyewe bila kuwekewa maneno mbele yako? Kubonyeza jibu sahihi kati ya manne ni kazi ya macho. Anayezungumza analikumbuka neno, analinyambua na kulitamka papo hapo, na hilo halizoeleki kwa kubonyeza.

Kwa kigezo hicho naiweka Language Transfer mbele ya zote. Kozi yake, Complete Spanish, ina masomo 90 ya sauti tupu, jumla yake kama saa 15. Unaweza kuyapakua ukasikiliza bila bando. Mwalimu, Mihalis Eleftheriou, anamfundisha mwanafunzi mmoja nawe unasikiliza. Akiuliza "utasemaje?", simamisha sauti, jibu kwa kinywa, ndipo uendelee. Ukimwachia mwanafunzi wa kwenye rekodi akujibie, utamaliza masomo yote 90 ukielewa kila kitu na usiweze kusema lolote.

Inaanza na maneno ambayo anayejua Kiingereza tayari anayo, kama normal na legal, halafu yale ya -tion yanayogeuka kuwa -ción. Bila Kiingereza cha kutosha, basi, kozi hii haikufai. Lakini kuna mambo inayoyaeleza polepole ambayo msemaji wa Kiswahili anayapita mbio. Hablo ni "nasema", hablamos ni "tunasema": nafsi iko ndani ya kitenzi, kiwakilishi cha nini tena? Casa blanca (nyumba nyeupe) ikizidi moja inakuwa casas blancas, na aliyekua na upatanisho wa ngeli hashangai. Irabu tano nazo ni zile zile. Nguvu zako zitunzie ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa", pamoja na tofauti ya hablé ("nilisema") na hablaba ("nilikuwa nikisema"). Upungufu wake ni kwamba msamiati ni mdogo, huandiki chochote, na mwalimu mwenyewe si mzawa wa Kihispania, kwa hiyo usiitegemee kuzoeza sikio.

Sikio lipeleke Dreaming Spanish. Ni video za Kihispania kitupu kwa ngazi nne, na katika ile ya chini kabisa mwalimu anachora, anaonyesha kwa mikono na kurudia neno hadi maana ijitokeze yenyewe. Maendeleo yanahesabiwa kwa saa za kusikiliza, kuanzia 50 hadi 1,500. Zipo za kulipia, ila za bure zinatosha kwa muda mrefu sana. Wengi hukosea kwa kuruka ngazi. Ukijikuta unasimamisha video kila mara kutafuta neno, shuka ngazi moja bila kuona haya. Unaweza pia kuchagua lafudhi ya nchi, na ni vyema kuanza na moja: wa Hispania wengi hutamka c ya cielo ulimi ukiwa katikati ya meno, karibu na th ya "thelathini", ilhali Amerika ya Kilatini ni s. Nisichokubaliana nacho ni ushauri wao wa kuchelewesha kuzungumza kwa mamia ya saa. Atakayeufuata ataelewa mengi na kujibu kwa kigugumizi.

Kozi ya zamani ya FSI (Foreign Service Institute), iliyotungwa kwa ajili ya wanadiplomasia wa Marekani, ina masomo 55 na haina hakimiliki. Rekodi zina mkwaruzo, kurasa ni picha za kitabu, usted, yaani "wewe" ya heshima, imejaa kila mahali. Hata hivyo sijaona mazoezi ya bure ya kugeuza sentensi yanayoipita: unapewa sentensi, unabadilisha neno moja, na vingine vyote lazima vifuate kabla sauti haijakupa jibu. Usiifuate mwanzo hadi mwisho. Chukua mazoezi ya wakati wa kitenzi unaokusumbua, rudia hadi usijikwae.

Duolingo, programu ya simu ya mazoezi mafupi, inakujengea mazoea ya kila siku, na hilo si dogo. Lakini maneno mengi umewekewa tayari, kazi yako kuyapanga tu. Pale inapokuruhusu kuandika kwa kibodi, andika. Pia inasamehe alama za mkazo kwa onyo jepesi, na hilo ni kosa kubwa: hablo ni "nasema", habló ni "alisema". Weka kibodi ya Kihispania kwenye simu tangu siku ya kwanza.

Kwa mnyambuliko, tovuti ya kamusi ya SpanishDict huonyesha sehemu zisizofuata kanuni kwa rangi nyekundu. Kamusi ya Real Academia Española ni bure pia, ila ifungue ukishaweza kusoma maana kwa Kihispania.

Kuhifadhi msamiati, tumia Anki, programu ya kadi za kukumbushia. Ni bure kwenye kompyuta na Android, lakini programu ya iPhone inalipiwa, hivyo mwenye iPhone apitie AnkiWeb kwenye kivinjari. Kiwango kinachokuja nacho ni kadi mpya 20 kwa siku. Punguza hadi 8 au 10, kwa sababu kila kadi mpya inarudi tena na tena, na baada ya wiki chache marudio yanalundikana hadi mtu anaacha kabisa. Usiweke neno pekee kwenye kadi. Weka sentensi fupi uliyoisikia, ficha kitenzi, na ukitamke kwa sauti kabla ya kugeuza kadi.