King'amuzi gani ununue Arusha na Moshi: navipanga kuanzia cha kwanza

Kabla hujauliza bei, uliza kampuni inayouza hicho king'amuzi imeshikana na nani. Kinachokupa picha sebuleni ni mikataba, na siku mkataba ukiisha chaneli inaondoka, dishi linabaki juu ya bati. Yalinikuta. Nilimnunulia mama, kule Kibosho, king'amuzi kwa ajili ya chaneli moja tu ya tamthilia aliyoipenda. Haukupita mwaka ikaondolewa, na kila nilipopanda nyumbani swali lilikuwa lilelile: wameirudisha? Tangu hapo mtu akiniomba ushauri naanza na mikataba, bei baadaye.

Namba moja kwangu ni Azam ya dishi. Mei 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa nyumba ambayo siku ya Simba na Yanga hakuna anayetoka, sijui uhakika mwingine mkubwa kama huo. Kampuni hii ya kundi la Bakhresa ilianza kurusha Desemba 2013, na ilijua mapema watu wake wanataka nini: mpira wa nyumbani na filamu za nyumbani. Chaneli yao ya filamu, Sinema Zetu, inawakalisha pamoja bibi na wajukuu bila mtu kutafsiriwa chochote.

Sasa sikiliza habari ya miti, maana hapa ndipo watu wa migombani wanapoteza hela. Setilaiti ya Azam iko longitudo ya nyuzi 7 mashariki, na sisi tuko karibu nyuzi 37. Kwa hiyo dishi linatazama magharibi, limeinuka kupita kidogo nusu ya njia ya kufika utosini. Mlima Meru haulizuii, wala Kilimanjaro. Kinacholizuia ni mgrevilea au mparachichi ulio upande wa magharibi wa nyumba. Machame na Marangu nimeona madishi yaliyofungwa kiangazi yakashika vizuri, masika majani yakajaa, picha ikaanza kukatakata. Simama pale litakapofungwa, saa kumi hivi alasiri, utazame upande jua linakoelekea. Ukiona matawi, mwambie fundi atafute kona nyingine.

Cha pili ni DStv, na kwa mpenzi wa Ligi Kuu ya England au Ligi ya Mabingwa Ulaya kinapanda kuwa cha kwanza, kwa sababu haki hizo ziko SuperSport, chaneli zao za michezo. Kifurushi chenye mechi zote kinauma mfukoni, kwa hiyo soma orodha ya chaneli za kifurushi unachokimudu wewe, usiangalie kile kilichochorwa kwenye bango. Kwa mambo ya Kiswahili wana chaneli ya Maisha Magic Bongo.

Hii kampuni ndiyo ninayoifuatilia kwa karibu zaidi, kwani imebadilisha mwenyewe. Canal+ ya Ufaransa ilianza mwaka 2020 kwa kununua hisa chache za MultiChoice, kampuni yenye DStv, ikaongeza na kuongeza. Mwaka 2024 ilivuka asilimia 35, na sheria ya Afrika Kusini ikailazimu kutoa ofa ya kununua zilizobaki. Septemba 2025 ikaishika kampuni yenyewe. Kwa pamoja wana wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70. Miezi michache kabla, Juni 2025, Canal+ ilikuwa imetangaza makubaliano na Netflix ili wateja wake wa nchi 24 za Afrika zinazotumia Kifaransa waipate Netflix humohumo. Sisi hatumo katika hizo 24. Muuzaji akikuambia inakuja na huku, mshukuru, kisha ununue kwa kilichopo leo.

Faida moja ya DStv haisemwi sana madukani: setilaiti yake iko nyuzi 36, yaani karibu juu ya kichwa chetu. Dishi linalala kama sinia likitazama mbingu, hivyo nyumba iliyozungukwa na miti au iliyobanwa na ghorofa la jirani inaweza kushika DStv pale Azam inapogoma. Majani na maji hutuama humo, lisafishwe kila masika.

StarTimes ya antena naiweka ya tatu, na ni chaguo zuri kwa mpangaji wa Sombetini, Unga Limited au Pasua ambaye kesho anaweza kuhama. Hakuna kuomba ruhusa ya kupanda juu ya bati la mwenye nyumba. StarTimes ya China iliingia ubia na TBC, na analojia ilipozimwa huku kwetu mwaka 2013 nyumba nyingi zilianzia hapo. Lakini antena inategemea mnara wa ardhini, na kilima kidogo tu kinatosha kuukata. Muulize jirani wa ukuta mmoja anashika chaneli ngapi. Azam nao wana king'amuzi cha antena, na pa kuulizia ni palepale.

Intaneti naiweka mwisho, isipokuwa nyumba yako ina faiba. Netflix iko Tanzania tangu Januari 2016, na picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Kwa bando la simu, filamu mbili zinamaliza kifurushi cha wiki.

Popote utakapoangukia, king'amuzi kisajiliwe kwa jina lako na namba yako ya simu, namba ya kadi iandikwe nyuma ya risiti. Fundi asilipwe mpaka akuonyeshe kwenye skrini ukurasa wa nguvu na ubora wa mawimbi. Ubora ukiwa unapanda na kushuka hali anga ni jeupe, mrudishe juu akalegeze boliti na kuanza upya.