Friji ya gari kwenye joto la Natron, nimeachana na gesi nikahamia kompresa

Mi naendesha watalii huku kaskazini, safari za kulala kambi, na kiukweli friji inaweza kukutukanisha kwa wageni kuliko hata gari lenyewe. Pancha watakuvumilia ila bia ya moto kule Ziwa Natron, aisee, hapo utajuta.

Friji ya mwanzo ilikuja na karavani ya kuvuta tuliyonunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ile ya njia tatu, gesi, umeme wa nyumbani na 12V ya gari. Sifa yake haina kelele kabisa maana ndani hakuna kinachozunguka, ni moto tu unachemsha amonia na maji kwenye mabomba basi, na ukipaki sehemu moja yenye kivuli mtungi mdogo unakusogeza siku nyingi. Sasa ubaya wake inapooza kwa kufuata joto la nje, inashuka kama nyuzi 25 hivi chini ya hewa iliyoizunguka, na Engare Sero, kijiji cha kando ya Natron, mchana nyuzi 40 ni kawaida, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ndani unabaki na ngapi. Siagi ya kumimina, maziwa yamechacha. Ukipanda ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 na ushee, hewa nyepesi, moto wa gesi unagoma kuwaka. Ukipaki kwenye mteremko nayo haitoi baridi, inataka ikae sawasawa. Ukisema uitumie kwa betri ndo balaa, inakula ampia 10 mpaka 15 bila kupumzika, zima injini uone kama betri itafika asubuhi.

Hii ninayotumia sasa ni ya kompresa, yaani ina pampu ya umeme kama friji ya nyumbani, lita 40 na kitu, mlango unafungukia juu hivyo ukifungua baridi haimwagiki chini yote. Ikiwa inafanya kazi inavuta ampia 4 au 5, ikifika baridi uliyoseti inakata yenyewe, ila mchana wa jua kali inapumzika kidogo sana hilo ulijue. Nimeseti 4, nyama chini, vinywaji katikati. Kuna mgeni alikuja na insulini, hiyo inatakiwa nyuzi 2 hadi 8 na isigande kabisa, nikaiweka juu kwenye kikopo mbali na ukuta unaopooza, ikarudi salama.

Ukiwa dukani igeuze utafute kibandiko chenye herufi, hizo zinaonyesha joto la nje ambalo friji inalimudu. N mwisho wake ni nyuzi 32, ST 38, T 43. Muuzaji atakwambia zote sawa tu bosi, wewe chukua T.

Halafu waya jamani. Fundi alitaka anichomekee kwenye soketi ya sigara na kiwaya chembamba, nikakataa. Ile barabara ya Mto wa Mbu kwenda Natron inatikisa mpaka plagi inachomoka yenyewe, na waya mwembamba unakula volti njiani, betri ina 12.4 lakini friji inaona 11 na ushee inadhani betri imekufa inajizima, wewe unaendesha huna habari. Tukavuta waya wa milimita 6 toka betri ya pili mpaka nyuma, fyuzi ya 15 karibu na betri, plagi ya Anderson, ile nene ya kuunganisha waya za betri, na haijawahi kuzima njiani. Betri ya asidi ya 100Ah (ampia-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba) ihesabu 50, ukiinyonya zaidi ya hapo unaiua mapema, ndo maana nina paneli ya sola juu ya keria.

Matunzo: usiibanie na mabegi pembeni, matundu ya kompresa yanataka hewa. Vumbi la Natron linaingia humo kama unga, nikirudi Arusha napuliza kwa kompresa ya tairi. Na vinywaji vipooze nyumbani usiku kwa umeme wa Tanesco, ukipakia kreti la moto asubuhi friji itahangaika mpaka jioni.

Ubaya? Bei imechangamka, ikijaa inabebwa na watu wawili, na usiku ukilala ndani ya gari utaisikia ikinguruma kila inapowaka. Mtu wa wikendi moja Saadani wala usijitese, kuliboksi na barafu la samaki vinatosha.